Mrehani Juu ya Uvimbe

Magomeni, Dar es Salaam
3 Februari 2024

Shangazi yangu Bi Kazija,

Assalaam alaykum. Nakubusu mkono kutoka huku, na shoga yangu Laila naye anaubusu ule mwingine, ingawa anasema achari ya ndimu uliyomwahidi mwaka juzi bado anaingojea. Hapa kwake wote wazima. Watoto wanakwenda skuli, mumewe amerudi safari, na jiko limehamia uani kwa sababu ya joto. Wewe na mbuzi wako hamjambo?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako unaifungulia sauti mpaka jirani wa tatu anaitikia salamu zangu. Hamdan akija kuchukua bidhaa nitampa barua, na akirudi Mkoani atakufikishia. Hajui kunyamaza Hamdan, lakini kufungua bahasha ya mtu hajui pia, kwa hiyo anatutosha.

Mimi naendelea. Leo ni wiki ya nne tangu kisu. Nakaa bila mto, natembea hadi dukani na kurudi, nacheka nikiwa nimeshika tumbo. Kukohoa ndiyo bado mtihani.

Sasa nisikilize. Siku daktari alipotoka na ile trei ulikuwa unalia, kwa hiyo nakuandikia maneno yake uwe nayo. Wametoa uvimbe saba, ule mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Kizazi wamekiacha. Wamekishona, kipo, na kinaweza kulea mimba. Ila nisishike mimba kabla ya miezi tisa kupita, mshono wa ndani ushike kwanza. Nikijifungua itakuwa kwa kisu. Na miezi hiyo ikishapita nisikae sana, kwa sababu uvimbe una tabia ya kurudi. Mimi nina miaka thelathini na tano, Shangazi. Hesabu hiyo hata wewe uliyefundisha darasa la pili unaiweza.

Nakuomba umweleze mama mkwe, Bi Mwatum, kwa ile lugha yenu ya watu wazima. Nassor nimemwambia kwa simu, anaitikia "sawa" tu, na mume wangu akisema "sawa" mara tatu ujue hajasikia kitu.

Na ile ndoo ya uvimbe ilifika salama? Bi Mwatum alivyoshikilia kwamba nyama ya mwanadamu haiachwi hospitali itupwe, lazima ikazikwe kwao Wawi, nilicheka mpaka nyuzi zikanikemea.

Mwanao,
Zulekha


Wawi, Pemba
20 Februari 2024

Mwanangu Zulekha,

Waalaykum salaam, na marahaba nyingi. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Alhamdulillahi kwa afya yako.

Huku hatujambo. Mvua moja kubwa ilipita ikang'oa bati mbili za chuo cha Kurani, watoto wakasomea kwangu barazani siku nne, na mimi nimestaafu lakini sikuweza kujizuia kuwasahihisha. Mbuzi yule mweusi amekula daftari langu la mapishi, kurasa za keki zote. Karafuu mwaka huu zilikuwa za wastani. Nassor kauza zake Chake mapema, akatengeneza banda.

Ndoo ilifika. Niliitia ndani ya kikapu nikaifunika kanga. Mkoani, Hamdan akaniuliza, "Achari hiyo, Bi Kazija?" Nikamwambia achari. Akaibeba kwa adabu mpaka kwenye gari, na njia nzima akasema harufu yake kali, siki nimezidisha. Niliomba Mungu anisamehe, kisha nikacheka, kisha nikalia kidogo.

Tumeizika nyuma ya nyumba ya Bi Mwatum, pembeni ya makaburi yao. Nassor alichimba. Bi Mwatum kapanda mrehani juu yake na umeshika vizuri.

Yale ya kumweleza Bi Mwatum nimeyafikisha kwa kadiri alivyoweza kuyapokea. Wewe usijishughulishe na habari za huku. Kaa hapo kwa Laila, upone. Usikubali mtu akukande tumbo, wala usibebe ndoo ya maji, wala usiwe na haraka ya kurudi. Hakuna anayekuhimiza.

Mwambie Laila achari inakuja, ya kweli.

Shangazi yako,
Kazija


Magomeni
17 Machi 2024

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum, na funga njema. Mimi sifungi, daktari kanikataza. Nakaa uani mchana nakula ndizi kwa siri, watoto wa Laila wasinione.

Sikukwambia, mshono ulifunguka mahali pamoja, ukatoa usaha. Nilipata homa siku tano na nikarudishwa hospitali kusafishwa. Sasa umekauka. Daktari amesema ni wa juu tu, wa ndani uko salama. Nilimwuliza mara tatu. Alikasirika, nikamwuliza ya nne.

Kwa vile siruhusiwi kuinua kitu, nashona kofia. Ya Nassor, ya Idi, vitobo vya maua madogo madogo. Kuna ua moja upande wa kulia nililikosea siku ile homa ilipopanda, nikaona nikilifumua nitaharibu yote, nikaliacha. Hamdan ataileta pamoja na barua hii.

Sasa niambie jambo moja. Jumanne alinipigia Asya, yule jirani wa Bi Mwatum. Akanisalimia kwa sauti ya msibani. Akasema, "Mungu akupe subira, shoga'ngu. Kilokwenda ni amana yake." Nikaitikia amin, nikidhani anasema homa. Akaendelea, "Kila Ijumaa twaupitia, twautia maji." Nikauliza mnautia maji nini, simu ikakatika, au akaikata.

Na Nassor naye amekuwa mpole. Unamjua Nassor. Miaka minane tumegombana juu ya chumvi, juu ya mlango, juu ya mama yake. Sasa kila ninalosema ananijibu, "Pumzika, usiwaze." Nilimwambia daktari amesema Oktoba tutaweza kuanza kujaribu. Akasema, "Mungu mkubwa." Nilimwambia kwa makusudi kwamba mama yake ana roho ngumu, nikingoja anijie juu. Akasema, "Pumzika, Zulekha." Nimeukosa ugomvi wa mume wangu, Shangazi. Nini kimetokea?

Nijibu hilo, mbuzi baadaye.

Zulekha


Wawi
16 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu za Idi, ingawa zinakufikia Idi imeshapoa. Tulisali uwanjani, mvua ikatuacha mpaka imamu akatoa salamu ndipo ikanyesha. Nilipika biriani ya watu sita, wakaja kumi na wawili. Bati za chuo zimepigwa misumari.

Usaha huo umenitia hofu. Kwa nini hukuniambia mapema? Daktari akisema wa ndani uko salama, mwamini, lakini usitoke mapema. Kaa mpaka Mfungo Tatu, Idi Kubwa ipite, ikiwezekana mpaka Mfungo Sita, mwezi wa maulidi.

Kofia imefika na nimempa Nassor mkononi mwake. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Kaivaa Idi na imemkaa.

Asya hana kazi ya kufanya, ndiyo maana anashika simu. Wewe uliyazoea maneno ya Wawi tangu mdogo, usianze kuyapima leo.

Huku ni mwezi wa harusi, ngoma kila mtaa, sipati hata usingizi wa mchana. Mbuzi kazaa, wawili.

Kula samaki. Kunywa uji wa mtama.

Shangazi yako,
Kazija


Magomeni
10 Mei 2024

Shangazi,

Amani iwe juu yako na walio nawe. Kwa leo salamu hizo zinatosha.

Jumamosi iliyopita Laila alikuwa anatazama simu yake, mara akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka. Mtu akiigeuza simu hivyo mbele yako, ujue mna jambo lako ndani. Nikaichukua. Ilikuwa picha ya ndoa ya jana yake, Wawi. Bwana harusi ameshikana mkono na shehe, ameinamisha kichwa. Niliitambua kofia kabla sijamtambua mtu. Ua nililolikosea lipo pale pale, upande wa kulia.

Nikampigia. Hakukana. Akasema mke anaitwa Yumna, na mimi nitabaki mkewe vile vile, sitapungukiwa. Nikamwuliza kwa nini hakungoja mpaka Oktoba, miezi mitano tu. Nikamsikia analia. Akanambia, "Zulekha, mama kan'eleza yote. N'najua tangu siku ile. Sikutaka ujue na weye, wasema wagonjwa wa Dar hufichwa wasivunjike moyo. Kizazi chako kiko hapa nyuma. Mie mwenyewe n'lichimba."

Nikasema kizazi changu kimo tumboni mwangu. Akasema, "Inshaallah." Aliitikia kama unavyomwitikia mtu aliyeshikwa na homa anayeweweseka.

Nikampigia picha karatasi ya daktari nikamtumia. Mama yake kasema karatasi huandikwa.

Kwa hiyo miezi mitatu mizima mume wangu alikuwa ananihurumia. Wanawake wa Wawi kila Ijumaa wanatia maji mrehani uliopandwa juu ya uvimbe wangu, wanasoma na Yasini. Mimi huku nahesabu miezi kwa vidole, na huko nimeshazikwa nusu.

Ndoo hiyo uliibeba wewe. Wewe peke yako ulikuwepo daktari alipotoka na trei, wewe uliweka sahihi, wewe ulimsikia akisema kizazi kipo. Uliwaambia nini?

Zulekha


Magomeni
28 Julai 2024

Shangazi,

Hamdan amekuja mara tatu mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema umeumwa na goti. Mara ya pili alisema unasalimia. Jana nilimwuliza, akaanza kuangalia viatu vyake.

Nikipiga simu hupokei, wewe ambaye hata nambari usiyoijua unapokea.

Natembea vizuri sasa. Napanda ngazi. Nikilala chali sisikii kitu tumboni, na zamani nilikuwa nahisi kama nimelalia mawe. Nakuandikia haya kwa sababu sina mtu mwingine anayejua nilivyokuwa.

Nijibu.

Z.


Wawi
11 Agosti 2024

Mwanangu Zulekha,

Assalaam alaykum warahmatullahi. Goti ni kweli linauma, lakini halikunizuia kuandika. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara nne, mimi niliyefundisha watoto wa watu kuandika barua miaka thelathini na moja.

Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Siku niliyofika na ndoo, Bi Mwatum alikuwa ameshapatana na mkandaji wa tumbo. Chumba kimepakwa chokaa, udi umenunuliwa. Akanambia, "Siku ya arubaini namtaka hapa kwa nnume wake. Miaka minane nshangoja." Nikamwambia daktari kasema miezi tisa. Akacheka. "Daktari yuno kazaa wangapi?" Nikamwambia tena, kwa upole, kisha kwa ukali. Akasema mke ni mke jeraha likishafunga.

Ndipo akafungua ndoo, anataka kuiosha nyama kabla ya kuzikwa. Akauona ule uvimbe mkubwa. Akapiga ukelele, "Kizazi cha mwanangu! Wamekitoa chote!" Akaanguka chini akalia. Mwanamke huyo sikumwona akilia hata siku alipomzika mumewe. Na mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa neno moja, "Siyo."

Sikulisema. Nilimpa leso yangu ajifute.

Nilifikiri, akiamini hivi hatakuita siku ya arubaini. Hatakukanda. Atakuacha upone, na mwaka ukishapita nitamwambia kweli, tutacheka sote, na wewe utakuwa mzima. Yumna hakunipitia akilini. Nilipopata habari ya posa, Idi imeshapita, nikaona nikisema sasa nitakuwa nimewaacha wakasomea uvimbe miezi miwili na mimi nikiitikia amin. Nikaona haya. Haya imenishinda, mwanangu. Kila siku niliyonyamaza ikawa ngumu kuliko ya jana yake.

Na kuna jingine ambalo ni la zamani kuliko wewe kukumbuka. Mama yako hakufa kwa homa. Wewe ulizaliwa kwa kisu. Baba yako, kaka yangu, alimtaka nyumbani arubaini ilipotimia, na aliyekwenda kumchukua kwao Kojani ni mimi. Alisema tumbo bado linamuuma. Nikamwambia wanawake wote husema hivyo. Nilimfukiza udi, nikamfungia kikuba cha asmini na mrehani, shada la mke anayeingia kwa mumewe, kwa mikono yangu hii, nikampeleka. Alishika mimba mara moja. Ilipofika miezi saba mshono wa ndani ukaachia. Hatukuwahi hata kumtoa Wawi.

Nikakulea wewe, na nikakwambia homa.

Sasa unajua nilichokuwa nakiona siku ile mbele ya ndoo. Sitaki unionee huruma kwa hilo. Nimekuandikia ili ujue.

Kazija


Magomeni
30 Agosti 2024

Shangazi,

Salaam alaykum. Nimeisoma. Nilipofika pale pa mama yangu niliiweka chini, nikaenda kufua nguo za nyumba nzima, hata zisizokuwa chafu.

Siku hizi zote nimekuwa nikitafuta maneno ya adabu, sikuyapata. Nitasema bila hayo. Mama yangu mlimwahisha, mimi ukanichelewesha, na mara zote mbili hakuna aliyemwuliza mwenye tumbo. Ungenipigia simu siku ile! Ungeniambia, Zulekha, mkweo anataka kukuvuta arubaini, tufanyeje? Ningekwambia nitakaa Dar mwaka mzima, ningemwambia Nassor mwenyewe, tungegombana kama kawaida yetu na angeelewa. Nassor huelewa akigombwa. Wewe ukaniamulia. Ukaniokoa na mkandaji, ukanipa mke mwenza.

Nimekasirika, Shangazi. Usiku na mchana. Nakasirika nikila.

Sasa hivi ndivyo utakavyofanya. Mfungo Sita unakuja, na Bi Mwatum kila mwaka husomesha maulidi ya wanawake kwake. Wote wanaokwenda kutia maji watakuwepo. Utasimama useme lile neno. Umelichelewesha miezi saba lakini ni lile lile. Karatasi yangu hawaiamini, mimi hawaniamini, wewe ndiye shahidi peke yako.

Usiniandikie habari ya mbuzi mpaka ulifanye.

Zulekha


Wawi
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Nimefanya.

Maulidi yalisomwa Alkhamisi baada ya alasiri. Nilingoja mpaka watu wamekwishanyunyiziwa marashi na haluwa imepita, kwa sababu nilijua nikisema mapema hakuna atakayekula. Nikasimama. Goti likanisaliti, Asya akanishika. Nikasema, "Jamaani, kilozikwa hapa nyuma si kizazi. Ni uvimbe saba. Kizazi cha Zulekha kimo mwilini mwake, na mie nlijua tangu siku hiyo."

Kisha mmoja nyuma akasema, "Masikini," na nikafahamu kwamba ananisikitikia mimi, ameona uzee umenigonga.

Bi Mwatum aliniamini. Nilimwona usoni. Akanambia taratibu, mbele ya wote, "Bi Kazija, mie nlilia mbele yako, ukanipa leso. Kila Ijumaa nasoma Yasini pale. Waniambia nasomea uvimbe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi weye ndo wa kusomewa." Akaniambia nitoke kwake. Nikatoka, viatu nimeshika mkononi.

Yumna alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Ana mimba, mwanangu, ya mwezi wa nne. Nimeona bora ulisikie kwangu kuliko kwa simu ya Laila. Ni mtoto wa miaka ishirini na mbili, alisimama pale anatutazama sote. Na yeye aliambiwa anaolewa na mume ambaye mkewe hatazaa tena.

Kesho yake asubuhi alikuja Nassor. Hakukaa. Akasema, "Shangazi, ni kweli?" Nikamwambia kweli. Akashika nguzo ya baraza. Nikadhani atanipiga na nikaona anayo haki. Akasema, "Ntamfuata," akaondoka. Nadhani atakuwa huko mwezi ujao.

Watu hawaji tena barazani kwangu. Watoto wa chuo hupitia njia ya nyuma. Siyo kwamba nalalamika. Nakuomba unisamehe. Usiponisamehe nitaelewa, lakini niandikie hata kuniambia hivyo.

Kazija


Magomeni
9 Novemba 2024

Shangazi,

Assalaam alaykum. Hapa wazima. Achari ya Laila imefika, anasema siki umezidisha, tumecheka wote wawili na yeye hajui kwa nini mimi nilicheka zaidi.

Nassor alikuja mwisho wa Oktoba, siku ya vipimo. Nilimwambia aingie ndani na mimi. Daktari akaigeuza skrini upande wake, akamwonyesha kwa kidole. Nassor akauliza, "Ndo hichi?" Daktari akasema ndicho. Akauliza tena, kana kwamba mara ya pili kitakuwa kimeondoka. Kisha akalia, pale pale, mbele ya nesi. Mimi sikumpa leso.

Mshono umeshika. Tunaweza kuanza. Lakini ukutani mwa kizazi, upande wa kushoto, kimeota kivimbe kingine, kidogo kama punje ya choroko. Daktari amesema hakina madhara kwa sasa ila nisipoteze muda. Mwaka mmoja, pengine miwili. Baada ya hapo hataki kuniahidi.

Laila anasema nidai talaka, niolewe na mwingine. Nimelipima hilo siku kumi. Eda ina siku zake, mume wa kuaminika hatafutwi kwa mwezi, na huko kwetu mimi bado ni yule aliyezikiwa kizazi. Muda ambao ningeutumia kutafuta mume ndio huo nilionao wa kutafuta mtoto. Ungesema mapema, Februari, ningekuwa na mume mmoja na muda wangu wote. Sasa nina nusu ya mume na nusu ya muda. Ndiyo hiyo nitakayoitumia.

Kwa hiyo narudi. Narudi kwa Nassor kwa ajili ya tumbo langu, na yeye nimemwambia hivyo hivyo kwa maneno haya. Aliinamisha kichwa. Nilimwambia pia ile kofia asiivae tena mbele yangu. Akanijia juu kidogo, akasema kofia ina kosa gani. Ndiyo mara ya kwanza tumegombana tangu Januari. Ilinipoza moyo, na sikumwonyesha.

Na Yumna sina ugomvi naye. Azae salama. Nikiwa na nguvu nitamsaidia kuosha nepi, ila mtu asiniombe nifurahi.

Uliniuliza juu ya kukusamehe. Sijakusamehe. Ulinilea, ulinisomesha, ulinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na yote hayo nayajua, ndiyo maana limeniuma hivi. Labda nikipata mtoto nitakusamehe. Labda nisipopata nitakuchukia mpaka kufa. Sijui, na wewe utangojea kujua, kama mimi ninavyongojea.

Alkhamisi nitashuka Mkoani. Usije kunipokea. Hamdan atanibebea begi.

Nassor kasema mama yake anataka kuung'oa ule mrehani kwa aibu. Umtume Asya akamwambie auache. Zamu yangu ya kwanza kwa Nassor ni Jumamosi. Mchana wa siku hiyo nitakwenda pale nyuma mbele ya macho ya kila mtu, nichume mrehani, nikae pale pale juu ya uvimbe wangu nifunge kikuba changu kwa mikono yangu. Mama yangu ulimfungia wewe. Changu usikiguse.

Zulekha